Nakala Moja Ivuke Feri

Hotuba kwa wazazi na vijana, Mji wa Kale, Mombasa

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Mama zangu, baba zangu, ndugu zangu, na nyinyi vijana mlioegemea ukuta huko nyuma, nawashukuru kwa kuniita.

Mlinitaka nije nizungumze juu ya kompyuta ya bei nafuu ya kuwekea mambo ya nyumbani: picha, vyeti, video za harusi, sauti za wazee. Nitazungumza, na mashine zenyewe nimekuja nazo, zile pale mezani. Lakini wapo wenye watoto wadogo na wenye vyungu jikoni ambao watatoka kabla sijamaliza, kwa hiyo neno langu kubwa nalitoa sasa hivi. Ukiwa na fedha za kununua kompyuta moja nzuri, nunua ya wastani, na kinachobaki ununue diski mbili za nje, vile visanduku vya kuwekea faili vinavyochomekwa kwa waya. Kisha diski moja isilale nyumbani kwako. Ukikaa Mji wa Kale, ivuke feri ikakae Likoni kwa dadako. Ukikaa Likoni, ivuke ije Kibokoni, huku Mji wa Kale.

Mimi ni fundi wa kompyuta. Katika miaka niliyokaa kwenye meza ya ufundi nimeona watu wazima wakilia mbele yangu, wanaume kwa wanawake, na simkumbuki hata mmoja aliyelilia mashine. Mashine ikifa mtu hukasirika, huuliza bei ya nyingine, akenda zake. Wanaolia ni wale wanaoambiwa kwamba kilichokuwa ndani hakipatikani tena. Bibi mmoja aliniletea laptopu iliyonyeshewa wakati wa masika. Humo ndimo zilimokuwa picha pekee za mjukuu wake aliyefariki akiwa na miaka mitatu. Bibi yule hajui hata kuiwasha kompyuta. Alikuwa akiwashiwa na bintiye kila Ijumaa, akaziangalia picha, ikafungwa. Siku ile nilikuwa na maneno mengi ya kifundi ya kumwambia, na hakuna hata moja lililofaa.

Na mimi mwenyewe yamenikuta. Marehemu babangu alikuwa msomaji wa tenzi, akialikwa huku na huku, na sauti yake ilibaki katika kaseti mbili. Mwaka 2011 nikazihamisha kwenye kompyuta, faili nikazitia katika diski moja ya nje, na kaseti nikazitupa maana ukanda ulikuwa umeota ukungu. Miezi michache baadaye mtoto alipita mbio sebuleni, mguu ukanasa waya, diski ikaanguka kutoka mezani ilhali inazunguka. Ndani ya diski ya namna ile mna sahani zinazokwenda mizunguko 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa cha kusomea kinaelea juu ya sahani kwa nafasi iliyo ndogo kuliko unene wa unywele mara maelfu. Ikidondoka wakati huo, kichwa hukwaruza sahani, na palipokwaruzwa pamekwenda. Ufundi wangu wote haukunifaa. Sauti ya babangu sijaisikia tena tangu siku hiyo. Mtoto simlaumu, wala diski siilaumu. Nilikuwa na kitu cha thamani namna ile nikakiweka mahali pamoja, nikalala usingizi.

Sisi watu wa Mombasa jambo hili si geni kwetu. Muyaka bin Haji aliishi katika mji huu mwisho wa karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19, zama za Mazrui, ukoo ulioutawala Mombasa, akatunga mashairi yaliyokwenda midomoni mwa watu. Alipofariki, mashairi yalibaki vichwani. Vichwa navyo huzikwa. Aliyeyaokoa ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah, ambaye miongo kadhaa baadaye aliyakusanya kwa wazee waliokuwa bado wakiyakumbuka, akayaandika kwa herufi za Kiarabu. Mmisionari Mwingereza, William Taylor, alifanya kazi hiyo pamoja naye, na miswada ikafika London, ambako imehifadhiwa hadi leo katika chuo cha SOAS. Kila nikiyafikiria mashairi yale, huona safari yake: kutoka kichwani hadi karatasini, na kutoka karatasi ya mji mmoja hadi kabati la mji mwingine. Mafundi leo wana kanuni wanayoiita tatu, mbili, moja, ambayo mpiga picha Mmarekani Peter Krogh ndiye aliyeieneza: uwe na nakala 3, katika vyombo vya namna 2, na 1 iwe nje ya nyumba. Nilipoisikia mara ya kwanza nilimkumbuka Mwalimu Sikujua.

Haya, tuje kwenye mashine.

Dukani mtakutana na namna mbili za kompyuta za bei nafuu. Ya kwanza ni laptopu mpya za bei ya chini kabisa, katoni inang'ara, dhamana ya mwaka. Fungueni macho hapa. Nyingi katika hizo zina RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya GB 4 na hifadhi ya GB 64 iliyogandishwa kwenye bodi, haitoki wala haiongezwi. Windows yenyewe, programu inayoiendesha kompyuta, ikishakaa na kujitandaza humo, kilichobaki hakitoshi video za harusi moja ya siku tatu. Mtoto wa shule anayeandika insha itamfaa. Kuhifadhia mambo ya familia haifai, na nasema hivyo bila kusita.

Namna ya pili ni zile zilizotumika maofisini Ulaya, zikaingia kwa makontena kupitia bandarini petu hapa, ambazo wauzaji huziita eks-UK. Dell OptiPlex, HP EliteDesk, Lenovo ThinkCentre. Hizi ndizo ninazozipenda. Zilitengenezwa ziwe zinawashwa asubuhi na kuzimwa jioni kwa miaka, zinafunguka kwa bisibisi moja, na vipuri vyake vimejaa mjini. Bei sitawatajia kwa sababu hupanda na kushuka na dola, na nikitaja ya leo mtanidai kesho. Kipimo changu ni hiki: kompyuta isile zaidi ya nusu ya fedha ulizotenga. Nusu ya pili ni ya diski.

Jinsi ya kuisoma. Tazama jina la prosesa, yaani ubongo wa kompyuta. Ikiwa imeandikwa i5-6500, tarakimu ya kwanza baada ya kistari, yaani 6, ndicho kizazi chake. Kwa nini ujali? Kwa sababu Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa prosesa za Intel inataka kizazi cha 8 kwenda juu. Muuzaji anaweza kukutilia Windows 11 kwa nguvu kwenye kizazi cha 6, nayo ikawaka, lakini mwenye programu hakuhakikishii masasisho. Kwa hiyo ukitaka Windows, tafuta kizazi cha 8. Ukiwa na fedha kidogo, chukua cha 6 au cha 7 kisha uwekewe Linux Mint, programu ya kuendeshea kompyuta badala ya Windows, ambayo ni ya bure na ina madirisha na vitufe ambavyo mtu aliyezoea Windows hatapotea. Kufungua picha na kunakili faili hakuhitaji prosesa kubwa. RAM ya GB 8 yatosha. Mengine atakayokutajia muuzaji, mwitikie kwa adabu.

Umbo ndilo lenye maana zaidi kuliko watu wanavyodhani. Zipo zile ndogo sana, ukubwa wa kitabu kinene. Zinakula umeme kidogo, karibu wati 10 zikiwa zimetulia, lakini ndani mnaingia diski ndogo tu, ya inchi 2.5. Zipo za umbo la kati, zinazolala chini ya skrini, na ndani mnaingia diski kubwa ya inchi 3.5, ambayo kwa kila terabaiti (TB 1, yaani GB 1,000) huwa nafuu. Mwenye picha na video nyingi achukue ya umbo la kati.

Na kuna chaguo la tatu ambalo halitajwi sana, nami nalitetea: laptopu kuukuu yenye betri nzima. Mji wetu stima hukatika. Mnakumbuka usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, nchi karibu nzima ilipokaa gizani. Kompyuta ya mezani ikikatikiwa na stima katikati ya kunakili, faili huweza kuharibika, na wakati mwingine diski nzima ikakataa kufunguka. Laptopu yenye betri haijali. Diski ndogo ya nje inayopata umeme kwa waya wa USB nayo haijali, maana inanyonya kutoka laptopu hiyohiyo. Kwa nyumba isiyoweza kununua UPS, kile kisanduku cha betri kinachoshika umeme stima ikikatika, ushauri wangu ni laptopu. Hata skrini ikiwa na ufa, muhimu ni betri, na umwambie muuzaji aichomoe chaja mbele yako, mkae nusu saa mkizungumza, muone. Ukiona kibodi imeinuka au sehemu ya kipanya imetuna, betri imefura. Iache.

Mwenye kompyuta ya mezani na anunue UPS, hata ndogo ya VA 650. Kazi yake ni kukupa dakika chache za kufunga kazi na kuzima kwa utaratibu. Usitegemee itakuangalizia mechi.

Sasa niliyojia hasa. Diski.

Kompyuta ya mtumba huja na diski ndani. Hiyo diski usiiamini kwa picha za mamako. Kuna programu ya bure kwenye Windows, CrystalDiskInfo, inayokuonyesha diski imewashwa saa ngapi tangu kuzaliwa. Mwaka mzima una saa 8,760. Ukiona saa 40,000, diski hiyo imefanya kazi zaidi ya miaka minne usiku na mchana, na ikianza kuonyesha rangi ya manjano au nyekundu kwenye programu hiyo, inakuaga. Muulize muuzaji akuonyeshe kabla ya kulipa. Muuzaji mwaminifu hatakataa, na wapo wengi waaminifu. Atakayekataa amekujibu.

Kisha watu huniuliza: SSD, yaani diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani, au diski ya kuzunguka? Nawajibu, zote mbili, kila moja na kazi yake. SSD ya GB 240 au 256 iwekee Windows au Linux, na kompyuta ya zamani itaamka kama kijana. Lakini akiba, ile ya kufungia kabatini, iwe ya kuzunguka. Sababu yake inatuhusu sisi wa pwani. SSD huhifadhi data kwa chaji ndogo za umeme, na chaji hizo huvuja polepole isipounganishwa na umeme, na joto huzidisha uvujaji. Kiwango cha JEDEC, chama cha viwanda vya vipuri vya elektroniki, ambacho viwanda hukifuata, hutaka SSD ya nyumbani iliyokwisha kutumika hadi kikomo chake cha kuandikwa ishike data mwaka 1 bila umeme, katika joto la nyuzi 30. Iliyo mpya hushika muda mrefu zaidi ya hapo. Lakini nyuzi 30 kwetu ni kivulini, na mwezi wa Februari na Machi kaskazi inapokufa, hupita. Siwezi kumwambia mama afungie SSD sandukuni miaka mitano halafu aifungue siku ya harusi ya bintiye. Na flashi zimejengwa kwa jambo lilelile. Flashi ni ya kubebea, kama kikapu. Hakuna anayehifadhi mchele wa mwaka ndani ya kikapu.

Ukubwa? Piga hesabu nyepesi. Picha ya simu ni kama MB 4. GB 1 inachukua picha 250, na TB 1 inachukua 250,000. Familia ikipiga picha kumi kila siku, kwa mwaka ni 3,650, ambazo hazifiki GB 15. Picha hazijazi diski. Kinachojaza ni video, kwa sababu dakika moja ya video ya kawaida ya simu inaweza kufika MB 130, na saa moja ikapita GB 7. Wenye harusi, hesabuni wenyewe. Kwa nyumba nyingi nilizozihudumia, TB 2 imetosha kwa miaka mingi. Nunueni mbili za ukubwa mmoja, na ikiwezekana zisiwe za kontena moja wala mwezi mmoja, maana zilizozaliwa pamoja huweza kuugua pamoja.

Kuna vifaa vinavyouzwa vyenye diski mbili ndani, zikiandika kitu kilekile kwa wakati mmoja. Uzuri wa kifaa hicho ni kwamba diski moja ikifa, nyingine ipo. Lakini ukifuta picha kwa bahati mbaya, inafutika kwenye zote mbili sekunde hiyohiyo. Mwizi akija anabeba kisanduku kimoja. Radi ikipiga, imepiga zote. Mwezi wa Mei 2017 kirusi cha kompyuta kilichoitwa WannaCry kilifunga faili za watu katika nchi zaidi ya 150 na kuwadai fidia, na kirusi cha namna hiyo hufunga kila diski kinayoiona imeunganishwa. Diski iliyo kabatini, waya umechomolewa, haionekani. Kwa hiyo fedha za kisanduku hicho ningezitumia kwa diski mbili za nje za kawaida.

Utaratibu wangu nyumbani ni huu. Ijumaa ya kwanza ya mwezi, baada ya chakula cha mchana, nachomeka diski ya nyumbani, nanakili mapya, nachomoa, narudisha kabatini. Diski ya pili iko kwa shemeji yangu ng'ambo. Tukienda kutembeleana, na hasa Idi zote mbili, tunabadilishana: yangu yenye mapya inabaki kwake, na ile yangu iliyokuwa kwake nairudisha nyumbani. Shemeji naye diski yake inalala kwangu. Hakuna gharama, hakuna intaneti. Mwaka juzi tulipofungua diski moja ili tuhakikishe picha zinafunguka, mke wangu aliona picha ya mamake akiwa kijana, aliyokuwa ameisahau kwamba ipo. Basi zoezi la dakika kumi likawa jioni nzima. Nalo hilo la kufungua na kuangalia msiliache, kwa sababu diski iliyokaa bila kufunguliwa ni dhana tu.

Wahenga walisema akiba haiozi. Walisema kabla ya kuiona diski ikikaa miaka miwili karibu na dirisha la Mji wa Kale. Upepo wa bahari hubeba chumvi. Kusi inapovuma, chumvi na unyevu huingia ndani ya kila kitu, na mafundi tunaiona tukifungua kompyuta: viunganishi vimegeuka kijani, skrubu zimeshika kutu, vumbi limekuwa tope. Kompyuta isikae dirishani hata kama pana upepo mzuri. Isikae chini sakafuni, hasa nyumba za chini mitaa inayojaa maji mvua ikizidi. Isifungiwe ndani ya kabati ikiwa inafanya kazi, itachemka. Diski ya akiba iwe ndani ya kikopo cha plastiki chenye kifuniko cha kubana, na ule mfuko mdogo wa silika, wa kunyonya unyevu, unaokuja ndani ya kisanduku cha viatu, utie humo. Kuifungua kompyuta na kuipuliza vumbi mara mbili kwa mwaka ni kazi ya nusu saa. Kijana yeyote wa nyumbani aweza kuijifunza, na mimi niko tayari kumfundisha bila malipo.

Jambo jingine linaloniuma, kwa sababu linawapata walio na fedha kidogo. Flashi na diski za bandia. Utaona flashi imeandikwa TB 2 na bei yake ni ya chakula cha mchana. Ndani yake mna GB 16 au 32, na kuna ujanja uliowekwa ili kompyuta iambiwe ni TB 2. Unanakili picha, zinaonekana majina yake, folda imejaa, unafurahi. Zilipopita nafasi ya kweli, kinachoandikwa hakipo. Unagundua baada ya mwaka, umeshafuta simu. Kuna programu za bure za kupima, H2testw kwenye Windows na F3 kwenye Linux, zinazoijaza flashi yote kisha kuisoma upya. Pima siku unayonunua, na risiti ingali mkononi.

Vijana watasema: kwa nini tujisumbue, tuweke mtandaoni. Nami siwapingi kabisa. Nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilitua hapahapa Mombasa mwaka 2009, sisi ndio mlango wa intaneti ya nchi hii. Lakini Google inakupa GB 15 za bure kwa barua pepe, faili na picha kwa pamoja, na ile nafasi ya bure isiyo na kikomo ya picha ilikoma tarehe 1 Juni 2021. Zaidi ya hapo ni kulipa kila mwezi, na mwezi ukikosa kulipa una wasiwasi. Kupandisha GB 500 kwa kasi ya megabiti 10 kwa sekunde ni karibu siku tano, mchana na usiku. Kwa hiyo mimi huweka mtandaoni vilivyo vidogo kwa ukubwa na vizito kwa thamani: vyeti vya kuzaliwa, cheti cha ndoa, hati ya shamba, vitambulisho. Kurasa mia moja za vyeti hazifiki hata video moja.

Na hapo nimegusa jambo zito. Hati ya shamba na kitambulisho vikikaa kwenye kompyuta bila kufuli, mwizi wa kompyuta ameiba vitu viwili. Folda hiyo ifungwe kwa neno la siri. VeraCrypt ni ya bure na inafanya kazi hiyo vizuri. Lakini mara ngapi nimeletewa kompyuta ya marehemu na watoto wake, nyaraka zote zimo, neno la siri alikwenda nalo kaburini. Programu hizo hazina mlango wa nyuma. Fundi hawezi. Baba zangu, mnaoandika wasia, andikeni na hili: neno la siri katika bahasha, ikabidhiwe mtu mnayemwamini, na mke ajue bahasha iko kwa nani. Mali bila daftari huisha bila habari, na daftari lisilofunguka ni sawa na lisilokuwapo.

Mwisho, la WhatsApp, fupi. Picha ikitumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa, ikapoteza uzuri wake. Kwenye simu utaona ni nzuri. Ukitaka kuichapisha itundikwe ukutani, ndipo utaona sura imekuwa kama imepakwa maji. Nduguyo aliyepiga picha harusini mwambie akutumie kama dokyumenti, au njoo na flashi uichukue kwake yenyewe. Na majina ya folda yaanze na mwaka, kisha mwezi, kisha tukio, ili yajipange yenyewe. Mjukuu wenu miaka arobaini ijayo hatamjua aliye katikati ya picha kama hamkuandika, kwa hiyo andikeni na majina, sasa hivi, wakati bibi bado anawatambua wote.

Pale mezani kuna ThinkCentre ya kizazi cha 6 yenye Linux Mint, na laptopu moja ya zamani yenye betri nzima. Karibuni mzishike, mzifungue, kuharibu hamwezi. Bibi aliyekaa mstari wa mbele ameniambia amekuja na kaseti ya kesha la harusi yake ya mwaka 1974, na nimebeba kinanda cha kaseti na waya wake. Upande mmoja ni dakika 45. Tukiiwasha sasa itakuwa imekwisha kabla ya Magharibi, kwa hiyo naomba watoto wapunguze sauti kidogo. Bibi, lete hapa.